Siku Niliyojikuta Kwenye Jedwali la Sista

Leo siwaletei habari ya msanii aliyeachwa wala staa aliyehongwa gari. Leo umbea unatoka huku kwetu Mpanda, mkoani Katavi, na una shule ndani yake, kwa hiyo vuta kiti.

Majina sitaji, na naomba msinitafutie ugomvi kwenye komenti kwa kubahatisha. Kuna nesi mmoja, nitamwita Sista. Kuna bosi wake, nitamwita Mkuu. Na kuna mimi. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini hata jina langu sijaweka.

Nina kibanda cha steshenari hapa mjini. Kazi zangu mnazijua: kutoa kopi, kuprinti, kuskani vyeti, kulaminisha vitambulisho, kuandikia watu barua za maombi ya kazi. Ajira zikitangazwa nakesha na vijana hapa tunajaza fomu mtandaoni huku bando linakata. Kompyuta nilisoma kozi ya miezi mitatu tu, mengine nimejifundisha mwenyewe.

Basi jioni moja Sista akaingia na flashi mkononi. Amechoka, ametoka zamu. Namfahamu kwa sura tu, kituo anachofanyia kazi siyo mbali na ninapokaa.

"Mdogo wangu, hivi makala ya utafiti unaweza kuipanga?"

"Sista, chochote kilicho ndani ya Word naweza."

Hapo nilijisifu jamani. Sikuwahi kupanga makala ya utafiti maishani mwangu. Lakini kodi ya fremu ilikuwa inadai, nikanyamaza.

Akanieleza. Kwa muda mrefu alikuwa anapitia kumbukumbu za wazazi za miaka ya nyuma pale kituoni, akitaka kujua nini kinawapata mabinti wanaojifungua wakiwa wadogo, wao na watoto wao. Kibali cha kamati ya maadili alikuwa nacho. Anafanya zamu ya usiku, asubuhi analala kidogo, mchana anaandika. Miaka miwili. Alipomaliza akaituma kwenye jarida la tiba. Baada ya siku mbili ikarudishwa.

"Wamesema ni mbaya?" nikauliza.

"Hata hawajaisoma."

Mhariri alikuwa ameandika kistaarabu tu kwamba muswada haujafuata maelekezo kwa waandishi, aurekebishe ndipo autume tena. Miaka miwili ya kukosa usingizi imerudi kwa sababu ya mpangilio! Niliona macho yake yamejaa, nikamsogezea stuli.

Nikaprinti yale maelekezo kutoka kwenye tovuti ya jarida. Kurasa 14. Nikakaa nayo usiku na kalamu ya rangi, Kiingereza changu cha kuungaunga, neno nisilolijua nauliza simu. Na nikagundua kitu. Ile ni kama sare ya harusi. Kamati ikishasema sare ni kitenge cha kijani, wewe ukija na suti yako ya laki tatu, mlangoni watakuangalia tu. Suti ni nzuri, ndiyo, lakini siyo kilichoandikwa kwenye kadi.

Tukaanza kuhesabu makosa. Ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, walitaka maneno 250 yaliyogawanywa: usuli, mbinu, matokeo, hitimisho. Ya Sista ilikuwa na maneno zaidi ya 400 katika aya moja ndefu kama treni ya Tabora. Mistari haikuwa na namba. Mimi nilidhani namba za mistari ni mapambo, kumbe mhakiki akitaka kusema "hapa sikubaliani" anataja mstari wa 112 na kila mtu anajua ni wapi. Nafasi kati ya mistari walitaka mara mbili, fonti Times New Roman saizi 12. Majedwali yake alikuwa ameyapiga picha ya skrini akayabandika. Wenyewe wanataka jedwali la kuandikwa, linaloweza kurekebishwa, na kila jedwali lijieleze hata ukiliona peke yake, yaani kichwa chake kiseme ni nani, wapi, lini.

Marejeo alikuwa ameyapanga kwa alfabeti. Jarida linataka mtindo wa Vancouver: unachotaja kwanza ni namba 1, kinachofuata namba 2, na kuendelea. Mtindo huo jina lake limetokana na mji. Mwaka 1978 wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, wakakubaliana mwandishi asiwe anapangua kila kitu upya kila akibadilisha jarida. Namba zile kuzipanga kwa mkono ni mateso, ukiongeza rejeo moja katikati zote zinahama. Nikapakua Zotero, programu ya bure, ikawa inazipanga yenyewe. Siku ile nilijiona injinia.

Kubwa kuliko yote, jina lake lilikuwa juu ya kila ukurasa. Jarida lile wahakiki hawatakiwi kujua nani kaandika, ili wapime kazi na siyo mtu. Kwa hiyo ukurasa wa majina unakuwa faili lake peke yake, na muswada unabaki bila jina. Nikalifuta juu, nikalifuta chini, halafu nikakumbuka Word nayo ina umbea wake: ukifungua taarifa za faili unakuta jina la mwenye kompyuta limeandikwa humo kimyakimya. Nikalifuta na lile.

Baada ya hapo ule mwili wa makala ukakaa sawa: utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala. Sista alinifafanulia kwa lugha yetu. Kwa nini ulianza, ulifanyaje, umepata nini, na maana yake nini. Nikamwambia Sista, hii hata kwenye vikao vya ukoo ingetusaidia, maana watu wanaanzia kwenye hitimisho.

Nikamuuliza, hivi mateso yote haya ya nini? Si ungempa mganga mkuu ripoti yakaisha?

Akanitajia chikungunya. Ugonjwa ule wa homa na maumivu ya viungo, leo unatajwa Brazil, India, kila mahali. Jina lenyewe ni la Kimakonde, linaelezea mtu anavyojikunja kwa maumivu. Mlipuko wa 1952 hadi 1953 ulitokea uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, na mwaka 1955 ukaandikwa kwenye jarida la tiba la Uingereza. "Watu wa kule wangeweza kuumwa wakapona yakaisha," akasema. "Lakini kwa kuwa kuna mtu aliandika, dunia nzima inatamka neno la Kimakonde."

Halafu akasema, "Sisi Katavi tunatajwa kwa namba tu. Nataka tutajwe kwa sababu."

Namba aliyoisema naijua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba Katavi, asilimia 45 ya mabinti wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Taifa zima ilikuwa asilimia 27. Tulikuwa wa kwanza Tanzania, na siyo wa kwanza wa kupigiwa makofi. Namba hiyo nikiisikia redioni huwa nabadilisha stesheni. Sikumwambia kwa nini.

Sasa njoo kwa Mkuu.

Wiki ya pili Sista kaja uso umebadilika. Mkuu kasikia kuna makala, kasema jina lake lianze. Utafiti hakuugusa, hata rasimu hajaiona, ila "kazi imefanyika kwenye kituo changu." Mnaijua hiyo? Ndiyo ile ya bosi kukata keki ambayo hakuchangia. Na Sista hawezi kumjibu, maana ruhusa zake, zamu zake, kila kitu kinapitia kwa huyohuyo.

Nilitaka kumwambia mpotezee. Lakini nilikuwa nimeshasoma zile kurasa 14, na ukurasa wa 9 ulikuwa na kitu. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, mtoto wa ule mkutano wa Vancouver, imeweka masharti manne ya kuitwa mwandishi. Moja, uwe umechangia kwa uzito wazo au mpango wa utafiti, au kukusanya, kuchambua au kutafsiri takwimu. Mbili, uwe umeandika au umeipitia makala kwa kina. Tatu, uidhinishe toleo la mwisho. Nne, ukubali kuwajibika kwa kilichoandikwa. Yote manne kwa pamoja, huchagui kama mboga sokoni. Asiyetimiza anakwenda kwenye shukrani.

Nikamprintia ukurasa ule mmoja. Sikumtoza.

Sista hakwenda kugombana. Alimpelekea kwa adabu zote, "Shikamoo Mkuu, jarida linataka kila mwandishi aonyeshe alichofanya, naomba tupitie pamoja." Mkuu akausoma, akaukunja, akanyamaza. Siku tatu kimya. Sista halali, mimi silali, kana kwamba nami naajiriwa pale.

Siku ya nne Mkuu akaomba rasimu. Akairudisha imejaa wino mwekundu. Kumbe mzee takwimu anazijua! Asilimia za jedwali moja hazikufika 100, na kuna kipimo Sista alikitafsiri kinyume. Wakakaa jioni mbili wakarudia uchambuzi pamoja. Jina lake likaingia mwishoni, kwa halali, na Sista akabaki wa kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia yule baba na nikashindwa. Wengine wanadai jina kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba jina lina kazi yake.

Ikabaki kitu kimoja. Jarida liliomba faili la takwimu zenyewe liambatanishwe, liwekwe wazi mtandaoni ili wengine wahakikishe hesabu. Sista akaniachia Excel akaniambia nisawazishe safu, niipe vichwa vizuri. "Majina hayamo," akasema, "nilishayatoa yote."

Ni kweli, majina hayakuwamo. Kila mstari binti mmoja. Namba, tarehe ya kujifungua, umri, kijiji au mtaa, elimu, mimba ya ngapi, uzito wa mtoto, na safu ya mwisho ya maoni, ambapo Sista alinakili maelezo mafupi kutoka kwenye mafaili.

Ilikuwa kama saa tatu usiku. Natelemsha mistari, narekebisha herufi kubwa na ndogo, redio inaimba. Nikafika 2015.

Miaka 17. Kidato cha 3. Mimba ya kwanza. Mtaa wetu. Mtoto wa kike, kilo 2.1. Maoni: aliongezewa damu, aliletwa na bibi yake kwa baiskeli, hakumtaja baba wa mtoto.

Nilizima redio.

Jamani, mimi ndiye yule. Tarehe ile ni siku ya kuzaliwa ya mwanangu. Baiskeli ile ilikuwa ya babu, bibi aliisukuma na mimi nimekaa nyuma, na mpaka leo nikiona baiskeli ya mnyororo mkavu tumbo linanikaza. Shule niliishia pale. Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba mabinti waliozaa wanaruhusiwa kurudi shuleni, mwanangu alikuwa na miaka 6 na mimi nilishakuwa na kibanda. Niliisikia hiyo habari nikiwa natoa kopi, nikaendelea kutoa kopi.

Na kwenye ile asilimia 45, kumbe nami nimo. Sasa mnajua kwa nini nilikuwa nabadilisha stesheni.

Nilikaa mbele ya ile skrini sijui muda gani. Kwanza nilikasirika na Sista. Halafu nikamwelewa: yeye kahamia Mpanda miaka mingi baadaye, hakuwahi kunijua kwa hilo, kwake nilikuwa namba. Halafu likaja wazo lililonitisha kuliko yote. Kama mimi nimejitambua ndani ya sekunde mbili, jirani yangu je? Shangazi yangu je? Faili hili linakwenda kuwekwa mtandaoni dunia nzima. Mpanda ni mji mdogo, watu wanajuana kwa baiskeli.

Ningeweza kufuta mstari wangu. Nawaambia ukweli, kidole kilikuwa juu ya kitufe. Mstari mmoja katika mamia, nani angejua? Lakini nikaangalia mstari wa juu yangu na wa chini yangu. Wale nao wana bibi zao.

Asubuhi nikamwita Sista kabla hajaenda kulala. Nikamwonyesha mstari. Nikamwambia, "Sista, huyu namfahamu."

"Unamfahamuje?"

"Mtoto wake umemwona jana hapa, anapanga karatasi."

Hakusema kitu. Akakaa kwenye ile stuli. Akanishika mkono, akaanza kulia, na mimi nikaanza, mteja akaja kutoa kopi ya kitambulisho akatukuta tunalia akaondoka. Hela ile sikuipata tena.

Aliponyamaza akasema neno ambalo sitalisahau. "Nimekosea, mdogo wangu. Kutoa majina nilidhani ndiyo kuficha."

Na alikosea mara mbili, alikiri mwenyewe: faili lile halikupaswa kutoka mikononi mwake kuja kwenye kibanda changu. Hakuficha. Aliiandikia kamati ya maadili iliyompa kibali akaeleza kilichotokea. Kutuma makala kukasimama. Wiki tatu tunasubiri. Katika wiki hizo zilikuwa zinamwingia imeili za majarida yanayomwita "Profesa", lipa dola kadhaa makala itoke ndani ya siku tano, hakuna mhakiki wala nini. Alishawishika, akanionyesha. Nikamuuliza, jarida lisilokurudishia makala kwa sababu ya namba za mistari, litajali baiskeli ya bibi yangu? Akazifuta.

Kamati ikajibu. Ilimwonya, ikampa masharti. Tukafanya hivi. Yeye alikaa na faili kwake, mimi nikafuta nakala yangu yeye akiwa amesimama hapo, mpaka kwenye pipa la takataka la kompyuta. Tarehe zikaondoka, ukabaki mwaka. Mtaa na kijiji vikaondoka. Umri ukawekwa kwa makundi. Safu ya maoni ikafutwa yote. Kwenye makala yenyewe, jedwali moja lilikuwa na kisanduku chenye mtu 1 tu. Wakakiunganisha na kingine, maana mtu 1 siyo takwimu, ni mtu. Na faili halikuwekwa wazi. Wakaandika kwamba anayehitaji takwimu aombe, na kamati iridhie. Jarida lilikubali bila neno. Kumbe mlango huo ulikuwepo, upo ukurasa wa 11, tuliuruka.

Makala ikatumwa usiku wa Jumapili kutoka kibandani kwangu. Barua kwa mhariri, ukurasa wa majina, muswada, majedwali, picha, namba ya kibali cha maadili. Mfumo ukazunguka, ukazunguka, umeme ukacheza kidogo roho ikaruka, halafu ikatokea namba ya makala. Safari hii haikurudi baada ya siku mbili. Ilikwenda kwa wahakiki, ikarudi na maswali 23, kila swali na namba ya mstari wake. Sista anayajibu moja moja. Matokeo yake siwaambii, ni yake, mtayasoma yakitoka.

Kuna siku aliniuliza kama nataka jina langu liwe kati ya waandishi. Nilicheka. Ningeringa hapa mtaani mwaka mzima! Lakini nimesoma ukurasa wa 9, Mkuu hatukumwonea huruma, kwa nini nijionee mimi? Niko kwenye shukrani, na hata kwa hilo ilibidi nitie saini kwamba nakubali kutajwa. Nimeandikwa kama mtu aliyesaidia kupanga muswada. Hakuna panaposema kwamba mimi pia ni mstari mmoja wa utafiti. Hilo ni letu wawili, na sasa ninyi, ndiyo maana sijaweka jina.

Kwa wenzangu wa vyuo vya afya mnaokuja kupanga ripoti usiku wa mwisho, nawaachia haya machache. Yasome maelekezo ya jarida kabla hujaandika neno la kwanza, siyo baada ya kurudishiwa. Majina ya waandishi mkubaliane mapema mkiwa bado mnapendana. Ada ya kuchapisha iulize kabla ya kutuma, majarida mengi yana msamaha kwa watafiti wa nchi kama yetu lakini lazima uombe. Na ukishatoa majina ya wagonjwa, mpe faili mwenzako anayehusika nalo kihalali, mwulize: wewe ungekuwa shangazi yake, ungemtambua?

Juzi mwanangu aliniuliza ile makala ndefu ya yule Sista inahusu nini. Nikamwambia inahusu mama na watoto wao wa hapa kwetu. Akauliza, "Na sisi tumo?"

Nikamwambia tumo. Akaridhika, akaendelea kupanga karatasi.

Haya, komenti zenu nazisoma. Kuna aliyewahi kukatiwa keki na bosi? Tuambieni, majina msitaje.